Kichwa cha Mbasa

Kila ukifika mwisho wa Desemba, majirani zangu hapa Mbinga mjini hunianza. "Dada, mwaka huu tena unateremka Ziwani kufuata samaki? Kwani huku kuku wamekwisha?" Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi huwaambia kuku wapo, tena wanono, ila kuku hajanifanyia jambo lolote la maana maishani. Mbasa, samaki wa Ziwa letu, kanifanyia. Kisha najifunga kanga yangu, natafuta gari la kuteremka, na anayetaka kununa anune.

Nasema mapema ili tuelewane: siombi radhi kwa nitakayoyasimulia. Nilishatakiwa kuomba radhi na baba, na bibi, na mwinjilisti mmoja ambaye jambo lenyewe halikumhusu hata kidogo. Sikuomba wakati ule nikiwa na mbavu za kuhesabika, sembuse leo nina mvi na mshahara wangu.

Nimezaliwa kwenye kijiji cha kando ya Ziwa Nyasa, baba mvuvi, mama mlima muhogo. Tulikuwa Waanglikana wa kuamka na kengele. Krismasi tulikula wali na kuku kama mchele ulipatikana. Usipopatikana tulikula ugali na kuku, na hakuna aliyekufa. Krismasi ilikuwa ya kanisa. Mwaka Mpya ndio ulikuwa wa nyumba, na chakula chake hakikuguswa na mabadiliko ya mtu yeyote: ugali wa muhogo, usipa wa kukaanga, na mbasa mmoja mkubwa aliyepikwa mzima, kichwa hadi mkia, bila kukatwa. Sisemi ni desturi ya Wanyasa wote. Majirani walikula walivyopenda. Nasema ya nyumba yetu.

Kila kitu kwenye sinia lile kilikuwa na maana yake, na bibi mzaa baba alitufundisha maana hizo kama tulivyofundishwa sala ya Baba Yetu. Ugali ulitakiwa uwe laini juu, bila ufa, kwa sababu ufa kwenye ugali ni ugomvi ndani ya nyumba mwaka mzima. Usipa, wale samaki wadogo wanaovuliwa kwa makundi, walimwagwa wengi kuuzunguka ugali ili watu wa nyumba wasipungue. Mbasa alikuwa ndiye mwaka wenyewe. Tumbo lake lilikuwa shibe, tulilila wote. Mkia walipewa waliopika, kwa kuwa mkia ndio unaomsukuma samaki. Kichwa kilipewa mtu mmoja tu.

Aliyepewa kichwa, mwaka ule ulikuwa wake. Na hayakuwa maneno ya kupambia chakula. Maana yake nyumba nzima ingeweka nguvu zake nyuma ya mtu yule mpaka Desemba. Mwaka alipopewa baba mdogo, tulilima wote kwa ajili ya mahari yake mpaka akaoa. Mwaka alipokichukua baba mwenyewe, mtumbwi mpya ulichongwa, na sisi watoto tulibeba maji ya wachongaji mpaka shingo zikakakamaa. Tena kichwa kikishatiwa mdomoni na mtu hakihamishwi kwenda kwa mwingine. Bibi alikuwa mkali sana kwa hilo. Alisema mwaka hauwezi kuwa na wenyewe wawili.

Katika miaka yote ambayo bibi aliweza kuikumbuka, hakuna mwanamke aliyepewa. Niliwahi kumuuliza sababu. Akasema msichana akila kichwa ataolewa aende nacho, na bahati ya ukoo itaishia kwa watu wengine.

"Na mama je?" nikamuuliza. "Yeye ameshaolewa, tena hapa hapa."

Bibi aliniangalia kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kuni. Akasema mdomo wangu utanitafutia matatizo. Kwa hilo hakukosea.

Mama ndiye aliyempika huyo mbasa. Mbasa mkubwa haenei kwenye sufuria, kwa hiyo alitumia karai. Alitandika majani ya mgomba chini ili samaki asigande, akamlaza juu yake, akaweka nyanya, vitunguu na chumvi, basi. Kazi ilikuwa kumwepua. Samaki akikatika wakati wa kutolewa, mwaka umekatika, na wa kulaumiwa ni mpishi. Nimemwona mama, mwanamke wa kubeba mzigo wa kuni kichwani huku anaimba, akitetemeka mikono mbele ya lile karai. Miiko miwili, pumzi ameibana, jasho linamdondoka puani. Miaka yote niliyokuwa nyumbani hakumvunja hata mara moja. Akishamaliza alikaa pembeni akala mkia wake.

Nilimaliza darasa la saba miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla ya hapo duka la kijiji lilikuwa na rafu, na juu ya rafu palikuwa na vumbi. Ghafla vitu vikamwagika: sabuni za kunukia, mafuta ya kupikia, nyavu za nailoni, mitumba ikining'inia kwenye kamba karibu na mitumbwi. Huko juu milimani, Umatengoni, wanunuzi binafsi walianza kuingia kufuata kahawa, na wakulima wenye fedha ya kahawa wakataka samaki. Wachuuzi wakateremka kwa baiskeli, kisha kwa magari, wakawa wanamsubiri mvuvi kabla hajafunga mtumbwi. Mbasa mkubwa hakuwa tena samaki wa kuliwa, alikuwa wa kuuzwa. Nyumba nyingi kijijini zikaanza kula wali Mwaka Mpya, na soda ya chupa, na kujiona wameendelea. Baba alikataa. Wachuuzi walimbembeleza wee kwa ajili ya mbasa wetu wa Mwaka Mpya, akawafukuza kama kuku kwenye mpunga. Namsifu kwa hilo mpaka kesho.

Lakini miaka ile ilikuja na jambo lingine pia. Shule ikawa ya kuchangia.

Jina langu lilitoka. Wasichana tuliochaguliwa kwenda sekondari tulikuwa wawili tu shule nzima, na shule tuliyopangiwa ilikuwa ya bweni, huko juu. Mwalimu mkuu alileta fomu mwenyewe kwa miguu, mvua inanyesha, ameificha ndani ya shati. Ilikuwa na orodha ndefu: godoro, shuka mbili, ndoo, jembe, fyekeo, sare, na ada. Baba aliisoma taratibu mpaka chini. Akaikunja, akaisokomeza ndani ya kitabu chake cha sala.

"Tutaona Mwaka Mpya," akasema.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Watu wawili tuliutaka mwaka ule. Kaka yangu, aliyenizidi miaka minne, alitaka mashine ya boti. Alikuwa na mipango: avue mbali, akaushe usipa, apeleke juu mwenyewe badala ya kuwaachia wachuuzi utamu wote. Ilikuwa mipango mizuri, sikatai. Ila nyumba yetu ilikuwa na nguvu ya kumsukuma mtu mmoja, wawili haikuwaweza. Mashine ingeweza kusubiri mwaka mwingine. Shule ilifunguliwa Januari, na nisipofika nafasi yangu angepewa mwingine, nami ningebaki kutwanga muhogo nikisubiri mtu wa kuja kuniposa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Siku mbili kabla ya sikukuu nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anapuliza moto.

"Mama, watampa kaka."

"Hilo ni la baba yako."

"Mama, wewe umewahi kula kichwa?"

Aligeuka, moshi umemjaa machoni. "Nani, mimi? Hebu toka hapa, kuni zenyewe mbichi." Akarudi kwenye kupuliza.

Asubuhi ya Mwaka Mpya tulikwenda kanisani, tukarudi, na mkeka ukatandikwa barazani. Siku nyingine wanaume walikula kwao na sisi kwetu jikoni. Siku hiyo moja tu katika mwaka tulizunguka sinia moja. Kama baba angefuata utaratibu wa siku zote, kichwa kile kingekuwa mbali na mkono wangu, na leo ningekuwa nasimulia habari nyingine, au nisingekuwa na habari ya kusimulia.

Mama alileta sinia. Mbasa alikuwa mzima, ngozi yake haijachubuka, kichwa kimeelekezwa mlangoni kama ilivyotakiwa. Usipa wamejaa pembeni. Ugali unang'aa. Kaka alikuwa ameshanawa, amekunja mikono ya shati lake jipya la mtumba, anajitia kutazama Ziwa. Baba akaomba, sala ndefu kweli, mpaka mvuke ukapungua. Kisha akasema maneno yake ya kila mwaka, kwamba Mungu ametufikisha, na mwaka huu tunaukabidhi kwa... Hapo mkono wake ukaenda kwenye kichwa, na macho yake yakaenda kwa kaka.

Sikupanga. Watu hawaniamini wakisikia hivi, lakini haki ya Mungu sikupanga. Niliuona mkono wangu mwenyewe umefika kabla ya wa baba. Nikakishika kichwa, nikakinyofoa. Kilikuwa cha moto, kikaniunguza vidole, sikukiachia. Nikang'oa jicho, nikalitia mdomoni, nikameza bila kutafuna.

"Mama wee!" bibi akapiga ukelele, akajishika kichwa.

"Rudisha," baba akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ile mbaya.

"Nimeshakula, baba."

"Nimesema rudisha."

"Jicho limeshashuka. Nitalirudishaje?"

Kaka akapaliwa na kicheko. Baba akamtupia jicho, kicheko kikafa. Kisha baba akamgeukia bibi, kwa kuwa mambo ya desturi yalikuwa ya bibi. "Mama, mpe kijana kichwa chake."

Maskini bibi. Alinitazama, akatazama kile kichwa chenye tundu moja, akatazama mwanawe. Ningekuwa mimi ningedanganya. Yeye hakuweza, maana ndiye aliyetufundisha. "Kimeshaliwa," akasema, tena kwa uchungu. "Hakihamishwi."

"Haya ni mambo ya kitoto!" Baba akapandwa na hasira kweli kweli. "Huyu ni samaki tu!"

Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikasema: "Kama ni samaki tu, mbona mama hajawahi kupewa?"

Kofi lake lilinikuta kichwa kikiwa bado mkononi. Niliona nyota. Sikukiangusha. Baba akainuka, hakunawa, hakuaga, akateremka kwenye mitumbwi, na siku ile hakula chakula chetu. Nilitamani kulia ila nilijua nikilia nimeshindwa, nikakaza roho na kuendelea kukishika kile kichwa.

Mama hakuinua macho. Alisogeza bakuli la mchuzi kidogo kidogo mpaka likagusa goti langu. "Kama umeamua, kula ukimalize," akasema.

Kaka ndiye aliyenishangaza. Alikuwa amenuna, na alikuwa na haki ya kununa. Kisha akanyoosha mkono mpaka upande wa mama, akachukua mkia. "Haya bwana," akasema. "Mimi nitasukuma." Akautafuna na mifupa yake. Mama siku ile alikula ugali na mchuzi, na wala sikuliona jambo hilo. Nilikuwa nashughulika na mwaka wangu.

Niseme pia kwamba bahati haikuja mbio kunipongeza. Kwa wiki nzima nyavu zilitoka na majani. Mvua ilinyesha kwa upepo, mitumbwi ikalala mchangani, na kijiji kikapata cha kusema. Kule tulikokuwa tunaosha vyombo wanawake walinyamaza nilipofika. Mmoja, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kunibania salamu, akasema kwa sauti ya kunifikia kwamba kuna watoto wamekula bahati ya ukoo na sasa samaki wameona aibu wameondoka.

"Shikamoo mama," nikamwambia kwanza, maana adabu sikuikosa. Kisha nikasema: "Basi nifukuzeni haraka niende shule, ili samaki warudi."

Wengine walicheka chini ya kanga. Yeye alisonya. Nilisugua sufuria zangu mpaka zikatakata, nikarudi nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo.

Baba hakusema nami. Alipita karibu yangu kama anapita karibu na mti. Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, nilikikuta kitabu chake cha sala juu ya mkeka wangu, kimefunguliwa, na fomu iko juu. Ameshaweka sahihi. Nilikaa chini palepale. Mpaka leo sijui alilala na mawazo gani siku zile. Ninachojua ni kwamba alikuwa mtu wa desturi kuliko alivyokuwa mtu wa hasira, na desturi yake mwenyewe ilikuwa imemfunga. Nilimdharau kwa mengi, kwa hilo nilimheshimu, ingawa shavu lilikuwa bado linauma.

Nyumba ikasukuma. Kaka alivua kwa kasia mwaka ule na mwaka uliofuata, mashine akaipata baadaye, na kila tulipokutana alinitania kwamba mikono yake ina sugu za masomo yangu. Lakini aliyesukuma kuliko wote alikuwa mama. Alikausha usipa juu ya vichanja, akawajaza kwenye gunia, akapanda nao huko juu, kwa gari likiwepo, kwa miguu lisipokuwepo. Akauza Mkumbi, akauza Kitura, vijijini kabisa kwenye mashamba ya kahawa, mlango kwa mlango, Kimatengo chenyewe anakiokoteza. Akimaliza alikuja mpaka getini kwetu shuleni. Wasichana wenzangu, mabinti wa wakulima wa juu, walimnusa kabla ya kumwona. "Yule wa dagaa kafika," walikuwa wakisema. Mara ya kwanza niliona aibu, nikajitia hamnazo dirishani. Mara ya pili nilitoka mbio mbele ya wote, nikapiga goti, "Shikamoo mama," nikalitwaa gunia lake tupu nikaliweka begani mwangu. Harufu ile ilikaa kwenye sare yangu mpaka Jumamosi ya kufua. Aliyeziba pua aliziba.

Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ualimu, nikapangiwa Mbinga. Nimeolewa huku huku, kwa Mmatengo, katika nyumba ambayo mama mkwe huchemsha maharage ya Mwaka Mpya tangu alfajiri ili yavimbe, na nyumba nayo ivimbe. Tumekubaliana yeye na mimi: maharage yake tunayala mkesha, mbasa wangu nateremka kumla kesho yake. Naye hunipa maharage ya kupeleka.

Miaka ile yote niliyokuwa ninarudi kula mbasa kwetu, kichwa kilipitia kwa kaka, kwa baba mdogo, kwa mdogo wangu wa kiume. Baba alihakikisha sikai karibu na sinia. Mama aliepua samaki, akakaa pembeni, akala mkia. Na hapa ndipo aibu inaponishika, kwa hiyo nitaisema wazi. Mimi niliyemuuliza baba swali lile mbele ya watu, mimi niliyekula kofi, swali lenyewe nililisahau. Nilikuwa nimelitumia kama fimbo. Baada ya kupata nilichotaka nikaliweka pembeni, na mama akaendelea kula mkia mbele ya macho yangu miaka nenda rudi.

Lilinirudia mwaka wa pili baada ya kumzika baba. Bibi alikuwa ameshatangulia. Niliteremka mapema, nikamwambia mama akae, mwaka ule napika mimi. Alikataa, nikamkalisha kwa nguvu kwenye kigoda. Nikatandika majani ya mgomba, nikamlaza samaki, nikaongeza nyanya, kila kitu kama yeye. Kwenye kuepua ndipo nilipomjua mama yangu ni nani. Nilibana pumzi, nikashika miiko miwili, nikainua, na mbasa akakatika katikati, puu.

Wifi yangu, mke wa kaka, akaziba mdomo. "Wifi! Mwaka umekatika!"

"Ukatike," nikasema. "Tutaula vipande viwili."

Nikamuunganisha kwenye sinia, nikaficha mkato kwa vitunguu. Watoto wa kaka walikuwa wananung'unika kwamba kwa wenzao kuna pilau na soda. Nikawaambia kwa wenzao waende. Hawakwenda.

Tukakaa barazani, mkeka mmoja. Sasa mkubwa wa nyumba alikuwa kaka, kwa hiyo kukigawa kichwa kulikuwa juu yake. Kabla hajaomba nikamwambia: "Kaka, mwaka huu usinifanye ninyakue tena. Nimeshakuwa mtu mzima."

Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akaacha kucheka, maana aliona ninakotazama. Akaomba, sala fupi. Akakichukua kichwa kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya mama.

"Hicho si changu," mama akasema, akakisukuma. "Mimi ni mtu wa mkia."

"Mwaka huu ni wako, mama," kaka akasema.

"Watu watasema."

"Waseme," nikadakia. "Wamesema juu yangu miaka yote na angalia nilivyonenepa."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kama anatafuta nani atacheka kwanza ili ajue ni utani. Hakuna aliyecheka. Akanawa upya mikono aliyokuwa ameshainawa. Akakivuta kichwa kwake, akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, akakishika taya, akakiachia. Mwanamke aliyempika mbasa kila Mwaka Mpya tangu alipoolewa, asiyewahi kumvunja hata mmoja. Akaniinamia na kuninong'oneza ili wajukuu wasisikie.

"Sasa mwanangu, hiki mtu anaanzia wapi kula?"

Jamani. Kofi la baba halikuniuma vile. Hasira ilinipanda, hasira ya kumkasirikia kila aliyewahi kukaa kwenye mkeka ule na kula kichwa bila kuinua macho, nikiwemo mimi wa kwanza. Sikulia. Nilimsogelea, nikamshika kidole, nikamwonyesha: hapa shavuni, chini ya mfupa huu, ndipo penye nyama tamu. Halafu jicho. Halafu unavunja hapa, unafyonza.

Akanyofoa shavu, akaliweka mdomoni. Akatafuna taratibu sana. "Kumbe," akasema.

Tulimtazama. Sinia halikuguswa, hata watoto walitulia. Kaka akashindwa kuvumilia, maana desturi ni desturi, na aliyekula kichwa lazima aseme anautakia nini mwaka wake ili nyumba ijue inasukuma wapi. "Mama, mwaka ni wako," akasema. "Tuambie, tufanye nini?"

Mama alikuwa amefika kwenye jicho. Alilitoa vizuri, bila kulipasua, kwa subira ile ile ya mikono yake. Wala hakumtazama.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Bado nakula."

Tukangoja.